Mtazamaji wa Pili

Sifa kubwa iliyotakiwa katika kazi ile ilikuwa kutojua chochote, na binti wa kaka yangu alipofikiria ni nani katika dunia hii hajui chochote, akaja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa nakata kola ya shati la sare. Nikaweka mkasi mezani ili nisimdhuru mtu.

Akajieleza haraka. Alikuwa anamalizia shahada ya pili ya saikolojia, na utafiti wake ulikuwa wa kutazama tu. Humuulizi mtu swali, humgusi mtu, unakaa pembeni na kuandika unachokiona. Tatizo ni kwamba macho ya mtu mmoja hayaaminiki, kwa hiyo lazima wawepo watazamaji wawili, kila mmoja na fomu yake, wasisemezane kabisa, halafu fomu zao zilinganishwe. Na watazamaji wenyewe wasijue utafiti unatarajia kupata nini, kwa sababu mtu akishajua kinachotafutwa, macho yake nayo huanza kukitafuta. Mtazamaji wa kwanza alishapatikana, kijana wa chuoni. Wa pili alikuwa amepata ajira na kutoweka bila hata kuaga. Sasa alitakiwa mtu mwenye subira, mwenye asubuhi zake huru, ambaye hajawahi kufungua kitabu cha saikolojia.

"Kwa hiyo sina akili ila nina macho," nikamwambia.

"Shangazi, wewe unaona mshono uliokwenda kombo mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Hicho ndicho ninachokitaka."

Mtu akinisifia macho huwa nalainika, na yeye analijua hilo tangu ana miaka mitatu, maana mimi ndiye niliyemlea. Mama yake alifariki mapema, na kaka yangu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, anarudi nyumbani kama mgeni. Basi nikakubali. Akaniambia pia jambo lililonifanya nisiendelee kuringa. Muhula ule ulikuwa wa mwisho kwake. Alishaomba nyongeza mara moja, na chuo kilimwandikia kwamba hakuna nyingine. Chekechea iliyomkubali ingefunga baada ya wiki saba. Asipopata takwimu zinazokubalika ndani ya wiki hizo, miaka yake miwili ya masomo ingekwenda na maji. Aliyasema hayo akicheka, na akicheka vile najua ana hofu.

Chekechea yenyewe ilikuwa nyumba ndefu ya chini, uwanja wa mchanga mbele, geti la chuma, na ukuta kuzunguka. Kila asubuhi mwalimu husimama hatua chache ndani ya geti kupokea watoto. Mimi niliwekwa ofisini nyuma ya pazia jepesi. Yule kijana aliwekwa kwenye dirisha la stoo, katikati ya mikeka na viti vilivyovunjika miguu. Nilimwita Sekunde, kwa sababu hata ukimsalimia anatazama saa kwanza. Wazazi walikuwa wametia saini barua za kukubali. Waliambiwa tunatazama jinsi asubuhi za watoto zinavyoanza, jambo ambalo ni kweli na halimwambii mtu kitu.

Wiki ya kwanza hatukuandika hata nukta. Tulikaa tu ili watoto watuzoee na kutuona kama kabati. Mtoto mmoja aliingia ofisini akanishika pua, akaridhika, akatoka. Nikaambiwa hayo ni maendeleo mazuri.

Baada ya hapo zikaja fomu. Zilikuwa na safu nyingi kuliko daftari langu la vipimo, na kila neno limefafanuliwa kana kwamba tumetoka sayari nyingine. Kulia ni sauti inayosikika kwa sekunde tatu mfululizo. Kununa si kulia. Kutulia ni kukaa dakika nzima bila kulia, mtoto akicheza au akizungumza. Kugeuka ni mzazi kugeuza kichwa kumtazama mtoto baada ya kumwachia mkono na kabla ya kupita geti. Nilidhani kugeuka hakuhitaji maelezo mpaka siku ya pili, alipotokea baba mmoja aliyeondoka kinyumenyume kutoka kwa mwalimu mpaka getini huku akipunga mkono. Huyo amegeuka mara ngapi? Mimi niliandika moja ndefu. Sekunde aliandika sifuri, kwa hoja kwamba kichwa hakikugeuka, kilichogeuka ni mtu mzima. Binti yetu alikaa na swali hilo siku mbili, akampigia profesa wake, profesa naye akaomba muda wa kufikiri. Niliwacheka hadi mbavu zikauma, lakini moyoni nikaipenda kazi.

Ila mimi si mtu wa kukaa na fumbo. Kunipa fomu na kunikataza nisijue ni ya nini ni sawa na kunipa kitambaa na kunikataza nisiulize kama ni gauni au shuka. Nilianza na Sekunde. Nikamshonea pindo la suruali bure, nikamuuliza taratibu, na yeye akaziba masikio kwa vidole viwili, akaniambia na yeye hajui na hataki kujua. Nikahamia kwa mwenye mali. Nilimsubiri anapiga pasi, mikono yote ina kazi, nikamuuliza utafiti huu hasa unataka kusema nini.

"Shangazi, ukijua tu, umeharibika."

"Kama maziwa?"

"Kama maziwa," akasema, akaendelea na pasi yake.

Basi nikafumbua mwenyewe. Katika safu zote zile, mbili ndizo alizokuwa akizikagua kila jioni kwa kidole: mzazi amegeuka mara ngapi, na mtoto amelia muda gani. Nikajiuliza, mtu mwenye akili zake timamu anachaguaje kitu kama hiki? Jibu likanijia nikiwa kwenye cherehani, na likanijia vibaya. Anachagua hivyo mtoto aliyewahi kuachwa getini na mtu asiyegeuka.

Mtu huyo ni mimi. Kwa miaka miwili nilimpeleka chekechea, nikamwachia mkono, nikaondoka shingo imenyooka kama nimemeza fimbo. Sikugeuka hata siku moja. Niliambiwa na wanawake wenye uzoefu kwamba ukigeuka mara moja hutoki tena. Yapo mengine kuhusu asubuhi hizo ambayo sikuwahi kumwambia, na sikuona sababu ya kuanza. Mtoto alichokiona ni mgongo wangu, na hawezi kuhukumu zaidi ya alichokiona. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo. Sasa, nikajiambia, amekwenda chuo kikuu ili anilaumu kwa takwimu.

Iliniuma. Siku hiyo nilishona zipu ya suruali juu chini, mimi mwenye miaka ishirini na mbili kwenye ufundi. Nilimkasirikia, nikampikia, nikamkasirikia tena. Halafu usingizi ukakataa, nikawaza upya. Mtoto wako akihangaika miaka miwili kuthibitisha jambo, na muhula ni wa mwisho, na jambo lenyewe ni dhidi yako, utafanya nini? Mimi nilikata shauri kumsaidia. Kama lazima mtu ashtakiwe, basi ashtakiwe vizuri, na mtoto apate shahada yake.

Kuanzia hapo nikawa natia chumvi. Mzazi akiondoka bila kugeuka, nilikuwa nabonyeza ile saa ya kuhesabia sekunde tuliyopewa mara tu mdomo wa mtoto unapotetemeka, na siisimamishi mpaka ashike kidoli, akichoke, na kutafuta kingine. Mzazi akigeuka, nilikuwa mwepesi. Kulikuwa na mama mmoja aliyegeuka mara saba, na binti yake akalia hadi mwalimu akakauka koo kwa kubembeleza. Katikati ya kilio mtoto alisimama kuvuta pumzi. Ile pumzi nikaihesabu kuwa utulivu. Nikaandika kilio cha sekunde ishirini, mwandiko mzuri, bila kufuta.

Mwanzoni nilitia kidogo tu. Wiki ya tatu ya kuandika nilikuwa natia kwa kijiko, na nilikuwa na furaha ya ajabu. Jioni nilikuwa namkabidhi fomu zangu nikijikausha, nikingoja siku atakayorudi nyumbani anaruka kwamba amekipata alichokitafuta. Nilishajiandalia hata sura ya kupokea habari hiyo, sura ya mtu aliyehukumiwa na anayesamehe.

Jumamosi akaja, hakuruka. Alibeba mafungu mawili ya fomu, akaomba nisogeze vitambaa, akayatandaza juu ya meza ya kukatia. Akanieleza kwa upole kwamba kwenye safu ya kugeuka mimi na Sekunde tulikubaliana mara tisini na nne katika kila mia. Kwenye safu ya kulia, mara hamsini na moja. Profesa hapokei chini ya themanini. Alisema kwanza alimshuku Sekunde, akamwita, akamhoji mpaka kijana wa watu akataka kulia zaidi ya sekunde tatu.

"Halafu nikaziangalia vizuri," akasema. "Makosa ya kawaida hutawanyika, Shangazi. Hapa yamezidi, pale yamepungua. Haya ya kwako yamepanga foleni. Yote yanaelekea upande mmoja."

Nikasema labda saa ina kasoro. Akaichukua, akaibonyeza, ikahesabu bila tatizo. Tukaisikiliza wote wawili.

"Ulikuwa unatafuta nini?" akaniuliza.

Ningeweza kujitia hamnazo, kipaji hicho ninacho. Lakini macho yake yalikuwa yamevimba, na nilijua hazikubaki wiki nyingi.

"Nilitaka ushinde."

"Nishinde nini?"

"Kesi yako. Dhidi yangu."

Hakuelewa, ikabidi nimweleze yote: pindo la suruali, pasi, safu mbili, geti letu la zamani, chumvi. Nilipofika kwenye chumvi akavuta kiti cha wateja, akakaa. Nilimaliza kwa kumwambia kwamba simlaumu, na kwamba kama ningekuwa na elimu yake huenda ningejishtaki mwenyewe mapema zaidi.

"Shangazi, nilitarajia kinyume chake."

Kwa kuwa nilishaharibika, hakuona sababu ya kunificha zaidi. Utafiti ulitarajia kwamba watoto wa wazazi wasiogeuka ndio wanaotulia mapema. Fomu za Sekunde peke yake zilikuwa zinaonyesha hivyo waziwazi, siku baada ya siku, na zangu zilikuwa zikizivuruga kwa bidii ya mchwa. Na wazo lenyewe hakulitoa kitabuni. Lilitoka kwangu.

"Hukugeuka hata mara moja," akasema. "Nikiwa mdogo nilijiambia, mtu anayeondoka hivyo ana uhakika atarudi. Basi nikawa nanyamaza. Utafiti mzima nimeujenga juu ya shingo yako."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuinuka nicheze. Miaka yote ile nimebeba lawama ambayo hakuna aliyenipa, na mwenye haki ya kulaumu ameketi mbele yangu ananisifu. Badala yake nikaanza kutoka jasho. Kwa sababu kama utafiti ulijengwa juu ya shingo yangu, basi ulijengwa juu ya kitu alichokiona nusu. Ningenyamaza, angetafuta mtazamaji mwingine wa pili, angerudia, namba zingekubaliana, na mimi ningebaki shangazi hodari mpaka kaburini. Ukweli ni kwamba nilitamani sana. Halafu nikapiga moyo konde.

"Mwanangu, sikuwa naondoka."

Nikamwambia. Nilikuwa napita geti shingo imenyooka, nafika kwenye kona, nazunguka ukuta mpaka nyuma ya vyoo ambako tofali moja lilikuwa limetoka. Nilikuwa napiga magoti hapo kwenye majani, nachungulia kwa jicho moja. Kila siku, kwa miaka miwili. Siku za mvua nilijifunika mfuko wa mbolea.

Alikusanya fomu zake taratibu, zangu upande mmoja, za Sekunde upande mwingine, akatoka nje kumpigia profesa. Aliporudi alinipa hukumu. Wiki tatu zote zinatupwa. Mtazamaji wa pili anaondolewa, na tasnifu lazima iandike sababu, nayo ni upendeleo. Nimeshona magauni ya arusi, nimeshona majoho ya mahakimu, lakini maktaba ya chuo kikuu itanikumbuka kwa upendeleo.

"Zimebaki wiki tatu," akasema. "Jumatatu njoo na mimi. Hutaandika. Nataka unionyeshe mahali mtu anaposimama."

Jumatatu hatukuingia ndani. Watoto walipoanza kupokelewa, nilimshika mkono tukafuata ukuta kwa nje, taratibu, kama wezi wa kuku. Tulipita kona ya kwanza, hapakuwa na mtu, nikaanza kuona aibu. Tukapita ya pili.

Nyuma ya tangi la maji alikuwa ameinama baba mmoja mwenye tai, mkoba kauweka kwapani, jicho kalibandika kwenye ufa. Mbele yake mwanamke amevua viatu vya kisigino, kapanda juu ya mawe mawili, anaonekana kuanzia pua kwenda juu. Kulikuwa na mwingine mwenye mtoto mgongoni, na bibi mmoja aliyekuja na kigoda chake kabisa, ishara kwamba si mara ya kwanza. Walitusogezea nafasi bila kuuliza, wakidhani na sisi tuna wetu ndani.

Binti yangu aliwatambua mmoja mmoja. Kwenye fomu, wote wanne waliandikwa sifuri, hawakugeuka. Aliingiza mkono kwenye mkoba kutoa daftari, kisha akaurudisha mtupu. Akaninong'oneza kwamba kibali chake kinaishia ndani ya geti. Huku nje hana ruhusa ya kuandika hata jina la jani. Itabidi aombe upya, aandike barua nyingine, amweke mtu wa tatu nje.

"Fomu yangu haina safu ya hawa," akasema. "Watazamaji wote niliwaweka ndani. Mimi na profesa, miezi minane, hakuna aliyefikiria ukuta una upande wa pili."

Nikamuuliza kama wiki tatu zitatosha. Akafikiri, akasema zitatosha kwa shida, na kwamba zile za kwanza zisingemfaa hata kama nisingetia chumvi. Namba zingekubaliana vizuri, profesa angefurahi, na zingekuwa zimesema jambo ambalo si kweli. Aliyasema hayo kwa sauti ya kikazi, macho yake yakiwa kwa bibi wa kigoda, na mimi nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Kisha sauti ile ikamwisha.

"Ulikuwa unakaa muda gani?"

"Sikuwa na saa. Nilikuwa naondoka ukishanyamaza."

"Na kazini je? Kiwanda cha nguo kilikuwa kinafunga geti saa moja na nusu."

"Kilikuwa kinafunga," nikamjibu. "Walinivumilia miezi minne, halafu wakaniambia nisirudi. Baada ya hapo nikawa na muda wa kuchungulia nitakavyo."

Siku zote amekuwa akiwaambia rafiki zake kwamba shangazi yake aliacha kiwanda kwa hiari ili ajitegemee na cherehani yake, na mimi nimekuwa nikimwacha aseme, kwa sababu hadithi hiyo inanipendeza. Alinitazama kana kwamba nimesimama mbele yake leo kwa mara ya kwanza. Akakaa chini pale pale kwenye majani, na sketi yake ya kazini, akalia.

Wale wengine walijifanya hawasikii. Kengele ikapigwa ndani, wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakijipangusa magoti, yule bibi wa mwisho, kigoda begani. Nilikuwa na suruali mbili za mteja zilizotakiwa kabla ya saa tatu, na saa tatu ilikuwa imeshakaribia. Nikasimama pale mpaka akanyamaza.